Sura ya Sita: Meno ya Unyanyembe

Mali iliyoutajirisha mji wa Tabora katika karne ya 19 ilikuwa meno. Pembe ya ndovu ni jino la mbele la taya la juu, jino ambalo halikuwekewa kikomo cha kukua. Wapagazi wa Kinyamwezi waliyabeba meno hayo begani kutoka Manyema na Ujiji, wakapumzika Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, kisha wakashika tena njia ya Ugogo na Mpwapwa hadi Bagamoyo, ambako yalipakiwa majahazini kwenda Unguja. Uzito ulihesabiwa kwa frasila, yaani kama kilo 16, na mpagazi mmoja alitarajiwa kubeba frasila mbili hivi. Pembe kubwa mno ilifungwa kwenye mti na kubebwa na watu wawili, mzigaziga, mmoja mbele na mwenzake nyuma.

Ukikutana na picha ya zamani ya ghala la pembe, tazama upande wa shina, ule uliokuwa umezama ndani ya fuvu. Utaona shimo. Theluthi moja hivi ya pembe hukaa ndani ya kichwa cha mnyama, na sehemu hiyo ina uwazi mpana mwanzoni unaosinyaa kadiri unavyoingia. Ndovu akiwa hai, uwazi huo umejaa nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Nyama hiyo ndiyo inayoitengeneza pembe kutokea ndani, tabaka baada ya tabaka, hadi siku mnyama anapoanguka. Kile kitu cheupe cha rangi ya maziwa kilichowafanya Wahindi wakitake kwa bangili na Wamarekani wa Ivoryton na Deep River, kule Connecticut, wakitake kwa vibonyezo vya piano, ni dentini tupu.

Dentini hiyohiyo imo kinywani mwako, msomaji. Ndiyo sehemu kubwa ya kila jino ulilo nalo, ila kwako wewe huioni, kwa sababu juu ya ufizi imefunikwa na enameli. Pembe ya ndovu nayo huzaliwa na kofia ndogo ya enameli kwenye ncha, lakini mnyama anapochimba mizizi na kubandua magome, kofia hiyo inasagika mapema. Sisi tunaihitaji yetu maisha yote.

Enameli ni kitu kigumu kuliko vyote mwilini, kigumu kuliko mfupa. Asilimia 96 hivi ya uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyopangika kwa fuwele ndogondogo. Ubaya wake ni mmoja: seli zilizoitengeneza hufa jino linapochomoza. Mguu uliovunjika utaunga, ngozi iliyochubuka itaota tena, lakini enameli iliyobomoka haina fundi wa kuirudishia. Chini yake ipo dentini, laini kidogo, yenye vifereji maelfu katika kila milimita moja ya mraba. Vifereji hivyo vinaelekea ndani kwenye kiini cha jino, ile nyama yenye damu na fahamu. Maji baridi yakigusa dentini iliyo wazi, majimaji yaliyomo ndani ya vifereji husogea, na ukajikuta umeshika shavu. Mzizi umefunikwa na tabaka jembamba la sementi, na kati ya sementi na mfupa wa taya kuna nyuzi fupi zinazolishikilia jino. Nyuzi hizo zina hisia kali ajabu. Ndizo zinazokujulisha, kabla hata hujafikiri, kwamba mchele wa leo haukupembuliwa vizuri na kuna kijiwe.

Binadamu hupewa meno mara mbili tu, 20 ya utoto na 32 ya ukubwani. Ndovu amekunjuliwa mkono zaidi: hupata seti sita za magego, moja ikisagika inasukumwa mbele na kutoka, nyingine inafuata nyuma. Ya sita ikiisha, katika umri wa miaka 60 hivi, mzee huyo hana tena cha kusagia majani, na mara nyingi njaa ndiyo inayommaliza hata kama hajaguswa na ugonjwa wala bunduki.

Biashara ya meno ya wanyama ina tawi moja ambalo husahaulika. Kabla ya katikati ya karne ya 19, mtu mwenye fedha Ulaya au Marekani aliyepoteza meno alichongewa mengine, na malighafi iliyopendwa kuliko zote ilikuwa jino la kiboko, kwa kuwa ni gumu na halibadiliki rangi upesi kama pembe ya ndovu. George Washington alipoapishwa kuwa rais mwaka 1789 alikuwa amebakiwa na jino moja la kuzaliwa, na bandia alizotengenezewa na daktari wake wa meno, John Greenwood, zilichongwa kwa jino la kiboko. Meno ya binadamu wengine nayo yalipachikwa kwenye vitako vya namna hiyo. Baada ya vita vya Waterloo mwaka 1815 yaling'olewa vinywani mwa maiti za askari na kuuzwa. Unguja ilisafirisha meno ya viboko pamoja na pembe za ndovu, na yeyote aliyeuvuka Mto Malagarasi kati ya Tabora na Ujiji anajua viboko hawakuwa wageni kwenye njia hii. Bandia hizo zilikuwa mateso. Hazikukaa sawasawa, zilioza kama jino lolote lililokufa, na kinywa kikanuka. Zilipata mshindani wa kweli miaka ya 1850, mpira uliochemshwa na salfa ulipoanza kufinyangwa kufuata umbo la ufizi, na karne iliyofuata ikaleta plastiki ya akriliki ambayo mafundi wa meno wanaitumia mpaka leo.

Mgonjwa wa meno anayejulikana kuliko wote katika historia ya Tabora hakupata bandia wala fundi. Kilomita chache kutoka mjini, Kwihara, lipo tembe ambalo sasa ni makumbusho. David Livingstone alifika hapo na Henry Morton Stanley mnamo Februari 1872, baada ya kukutana Ujiji mwishoni mwa mwaka uliotangulia. Stanley akaondoka Machi kwenda pwani, naye Livingstone akabaki kuwasubiri wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Stanley, katika kueleza sura ya mzee huyo, hakuyaacha meno: yalikuwa katika hali mbaya, na lawama aliitupia chakula kigumu cha nchi ya Lunda. Livingstone mwenyewe alikuwa amemwandikia binti yake Agnes kwamba amevunja meno kwa kutafuna mahindi, na akamtania kwamba sasa akitaka busu la baba itabidi alipokee kupitia tarumbeta ya kusemea.

Mahindi peke yake hayang'oi meno yaliyo mazima. Mpagazi aliyekula mahindi yaleyale njiani alifika Bagamoyo na meno yake. Kwa Livingstone yalikutana mambo kadhaa: umri wa karibu miaka 60, maradhi ya muda mrefu, lishe duni, na kwa dalili zote ufizi ulioachilia mfupa. Ufizi unapougua, zile nyuzi zinazoshika mzizi huliwa taratibu na mfupa ukapungua, jino likaanza kucheza, na siku ya kukutana na punje ngumu likasalimu amri. Baada ya hapo chakula kinamezwa bila kusagwa, tumbo nalo likabeba kazi isiyo yake. Tumbo ndilo lililomsumbua Livingstone hadi kifo chake tarehe 1 Mei 1873.

Alikuwa daktari, na hilo halikumsaidia. Alipata leseni ya udaktari Glasgow mwaka 1840, mwaka uleule ambao chuo cha kwanza duniani cha madaktari wa meno kilianzishwa, Baltimore, Marekani. Kwa tabibu wa kizazi chake, jino bovu lilikuwa na dawa moja, nayo ni koleo. Watumishi wake Susi, Chuma na wenzao walipouchukua mwili wake, wakapita nao Unyanyembe na kuufikisha Bagamoyo mapema mwaka 1874, kule London aliyeuchunguza aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba mwaka 1844. Meno yaliyomtambulisha Livingstone yalikuwa ya simba.

Kwenye njia ya misafara, hata hivyo, kulikuwa na watu waliotambulika kwa meno yao wenyewe wakiwa hai. Wageni walioandika habari za safari hii, Richard Burton aliyefika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857 akiwa mmoja wao, waliona kwamba Wanyamwezi wengi walichonga kona za ndani za meno mawili ya mbele ya juu, ikabaki nafasi ya pembetatu katikati. Wagogo walitoa meno mawili ya chini ya katikati. Upande wa Manyema walikuwapo waliochonga meno yakawa na ncha. Mtu akicheka tu, umejua kwao ni wapi, na katika msafara wa mamia ya watu wa kabila mbalimbali hilo halikuwa jambo dogo.

Mimi siioni desturi ile kama ushamba, ila jino lenyewe lilikuwa na maoni yake. Ukichonga kona ya jino umeondoa enameli na kuifunua dentini. Mchongaji hodari aliondoa kidogo kidogo, na kiini kilichotishwa kilijibu kwa kujijengea dentini mpya upande wa ndani na kujisogeza mbali na hatari. Jino likaishi na mwenyewe akazeeka nalo. Mchongaji mwenye haraka alikifikia kiini, kikaingiwa na vijidudu na kufa, usaha ukakusanyika kwenye ncha ya mzizi. Kutoa meno mawili ya chini kulielezwa na wazee wa makabila kadhaa ya Afrika Mashariki kwa sababu ya pepopunda: taya likikaza, pabaki pa kupitishia uji au maziwa. Ni sababu yenye akili kwa zama ambazo hapakuwa na chanjo.

Desturi hiyo imefifia, lakini imezuka nyingine isiyo na akili yoyote, nayo nitaisema waziwazi. Tangu miaka ya 1980 katika sehemu nyingi za Tanzania wazazi wamekuwa wakiambiwa kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha ana meno ya nailoni, wengine huyaita meno ya plastiki. Mtoto hufunguliwa kinywa na mzazi akaonyeshwa uvimbe mweupe kwenye ufizi, mahali pa chonge. Uvimbe huo ni chonge la utoto ambalo halijachomoza, na watoto wote wanalo, wenye homa na wasio na homa. Mganga hulichokoa kwa kitu chenye ncha, bila ganzi, bila kuchemsha kifaa. Mtoto aliyeishiwa maji kwa kuharisha sasa amepoteza na damu, na ameingiziwa hatari ya pepopunda na ya virusi. Madaktari wa Muhimbili waliandika kuhusu madhara yake mapema miaka ya 1990: chonge la ukubwani, ambalo mbegu yake iko hapo karibu, huota limeharibika au halioti kabisa. Mtoto anayeharisha anahitaji maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, madini ya zinki, na zahanati. Kinywa chake kiachwe.

Nadharia ya nailoni ina babu yake, nadharia ya mdudu. Watu wa Babeli waliamini mdudu hula jino, Wachina waliamini, na katika vijiji vyetu bado yupo mtaalamu atakayekufukiza moshi wa dawa halafu akuonyeshe mdudu aliyeanguka. Pierre Fauchard, Mfaransa aliyeandika kitabu kikubwa cha kwanza cha udaktari wa meno mwaka 1728, alimtafuta mdudu huyo na hakumwona. Jibu lenye ushahidi lilikuja mwaka 1890, Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alipoonyesha kwamba bakteria wa kinywani hula sukari na wanga na kutoa asidi, na asidi ndiyo inayoyeyusha madini ya jino.

Bakteria hao wanaishi ndani ya ukoga, ule utando unaonata ambao ulimi unauhisi asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Ukila kitu chenye sukari, ndani ya dakika chache asidi kwenye ukoga inapanda hadi kiwango ambacho enameli huanza kupoteza madini. Mate huja kuokoa: huipunguza asidi na kurudisha baadhi ya madini. Kazi hiyo huchukua kama nusu saa. Maana yake ni kwamba jino halihesabu vijiko vya sukari kama linavyohesabu mara. Mtu anayekunywa chai ya sukari asubuhi na jioni analipa jino lake muda wa kupona. Dereva wa malori anayeendesha kutoka Nzega hadi Uvinza huku chupa ya soda iko kando, akipiga funda moja kila baada ya kilomita kadhaa, halipi. Jino lake linaogelea kwenye asidi siku nzima.

Hapa lazima niwaudhi wafugaji nyuki. Tabora ni nchi ya asali, mizinga imejaa miombo kutoka Sikonge hadi Kaliua, na ni asali nzuri. Lakini bakteria wa ukoga hawatofautishi sukari ya nyuki na sukari ya kiwandani. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ambao wengi tungedhani wana meno ya chuma kwa kuwa wanaishi kwa mawindo na matunda ya porini, walichunguzwa na watafiti ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017. Wanaume wanaoishi porini walikutwa na meno mengi yaliyooza, na watafiti waliitaja asali pamoja na tumbaku. Tumbaku nayo ni zao la Tabora, tangu Urambo ilipoachwa na mradi ulioanguka wa karanga. Moshi wake hubana mishipa midogo ya ufizi, kwa hiyo ufizi wa mvutaji unaweza kuugua bila kutoa damu, na mwenyewe akadhani yu salama. Juu ya hilo kuna saratani ya kinywa.

Je, wazee waliosafiri na misafara walijisafishaje? Kwa mti. Mswaki, ambao mmea wake kwa wataalamu ni Salvadora persica, huota nchi kavu, na Ugogo ni nchi yake. Waislamu wa Tabora na Ujiji waliuenzi pia kwa kuwa ni sunna. Kijiti kibichi hutafunwa ncha hadi nyuzi zifunguke, kisha husuguliwa kutoka ufizini kwenda kwenye ncha ya jino. Ndani yake mna kemikali zinazodhoofisha bakteria, na Shirika la Afya Duniani liliuhimiza mwaka 1986 kwa nchi ambako watu wameuzoea. Ukitumiwa kwa utaratibu huondoa ukoga vizuri tu. Kasoro iko kwa watumiaji: wengi husugua meno ya mbele yanayoonekana na kuyaacha magego, na kijiti kimoja hukaa mfukoni mpaka kinakuwa kuni. Kata ncha mpya kila siku. Na usiufanye mswaki wa mti kuwa badala ya dawa ya meno, kwa sababu kinachobadilisha mambo ndani ya dawa ile ni floraidi, nayo unaweza kuipaka kwenye kijiti kama kwenye brashi.

Floraidi kidogo inapokuwapo wakati mate yanarudisha madini, fuwele mpya zinazojengeka hustahimili asidi kuliko za mwanzo. Tafuta kwenye tyubu namba iliyo kati ya 1000 na 1500, ndicho kipimo cha floraidi. Mtoto chini ya miaka 3 apewe kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere ndogo. Ukimaliza tema, usisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi usiku kucha. Kusukutua kwetu kwa vikombe viwili vitatu, kwa kelele hadi jirani anajua umeamka, huiosha dawa yote ikaenda mferejini.

Kuna mahali ambapo floraidi imezidi. Singida na Shinyanga, jirani zetu wa mashariki na kaskazini, na zaidi Arusha na Kilimanjaro, zina visima ambavyo maji yake yamepita kwenye miamba yenye madini hayo. Mtoto akiyanywa wakati enameli inatengenezwa, meno huchomoza yakiwa na mabaka ya kahawia. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu kwa muda hadi 8, kwa sababu maji mengine hayakuwapo. Kule Ngurdoto, Arusha, wataalamu wamekuwa wakichuja maji kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nao hufanya kazi kwa sababu iliyo wazi: mfupa na jino ni madini ya aina moja, na floraidi huyapenda yote mawili. Mabaka yakishaingia hayaondoki kwa mswaki, na mwenye nayo asichekwe kwamba hajui kusafisha meno.

Sasa twende kwenye chumba cha meno. Mgonjwa anaingia, mkono shavuni.

"Daktari, ling'oe tu. Nimechoka nalo."

"Mama, hili linazibika."

"Likizibwa si litauma tena?"

Mazungumzo haya hurudiwa kila siku katika hospitali na vituo vya afya nchini, na mara nyingi mgonjwa hushinda. Sehemu kubwa ya kazi ya meno Tanzania ni kung'oa. Kung'oa ni rahisi kwa fedha, ni mara moja, na watu wengi hawaendi mpaka usiku mmoja wamelala wameketi. Wakati huo mara nyingi kuziba kumeshapitwa. Jino linalouma kwa baridi na kutulia mara moja lina kiini kizima. Linaloamka usiku lenyewe na kupwita kwa saa nzima lina kiini kinachokufa, na hapo kinachobaki ni matibabu ya mzizi, ambayo hayapatikani kila mahali, au koleo. Uvimbe ukishuka chini ya taya, kumeza kukawa shida na homa ikapanda, usingoje asubuhi. Watu hufa kwa hilo. Methali ya ufa na ukuta, ukiniuliza mimi, ilitungwa na mtu aliyewahi kuumwa gego.

Ajabu ni kwamba njia ya kuziba jino pasipo umeme ilizaliwa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifundisha katika kitivo cha meno cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alihusika katika mpango wa afya ya kinywa kwa jamii za vijijini. Mashine ya kutoboa jino inataka umeme, hewa yenye msukumo na maji, na vijijini hapakuwa na kimojawapo cha kutegemea. Wakafanya kwa mikono. Njia hiyo ilijaribiwa baadaye Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994, katika Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangazia dunia. Kwangu mimi huo ni mchango mkubwa kuliko wowote ambao nchi hii imeutoa katika tiba ya meno, na Watanzania wanaoujua ni wachache.

Inafanywa hivi. Mgonjwa hulala juu ya meza au benchi, hata dawati la shule. Daktari hukausha jino kwa pamba. Kwa kipatasi kidogo anabonyeza kingo za tundu. Enameli isiyo na dentini chini yake huvunjika kwa urahisi, na mdomo wa tundu unapanuka. Kisha kijiko chenye ncha ya milimita moja au mbili huingia na kukwangua dentini iliyolainika, ambayo hutoka kwa vipande vyenye unyevu wa rangi ya hudhurungi. Anaanza pembeni na kuishia katikati, kwa uangalifu, na karibu na kiini anaacha dentini iliyoanza kukaza hata kama rangi yake si nzuri. Wanafunzi hupata shida kuliamini hili. Bakteria waliobaki chini ya kizibo wamekatiwa chakula na hawana la kufanya. Dentini iliyolainika haina uhai wa kuhisi sana, ndiyo maana wagonjwa wengi hawahitaji sindano ya ganzi. Tundu likishakuwa safi, unga na maji ya saruji ya ayonoma huchanganywa juu ya kipande cha karatasi, hushindiliwa, na daktari hukandamiza kwa kidole chenye glavu iliyopakwa mafuta ya mgando, ili saruji iingie pia kwenye mifereji ya juu ya gego. Mgonjwa anauma, ziada inakwanguliwa, na anaombwa asile kwa saa moja. Saruji hiyo hushikamana na jino kwa kemia na huachia floraidi kidogo kidogo.

Ina mipaka. Tundu la juu ya gego lenye ukuta pande zote huzibwa na kudumu miaka mingi. Lililokula hadi kati ya meno mawili halidumu hivyo, na jino lenye kiini kilichofunuka si la njia hii. Lakini mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza saruji hiyo, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi, kwenye orodha ya dawa muhimu. Kitu kinachotoshea kwenye begi la daktari anayekwenda Ugalla kwa pikipiki kimetambuliwa kuwa cha lazima kama dawa ya malaria.

Kosa linalogharimu zaidi hutokea mapema kuliko wazazi wanavyodhani. Mtoto anapofikisha miaka 6 hivi, gego la kwanza la ukubwani huota nyuma ya magego ya utoto. Haling'oi jino lolote ili kupata nafasi, kwa hiyo hakuna anayegundua. Likianza kuoza, mzazi husema ni la utoto, litaota jingine, na linang'olewa akiwa na miaka 9. Halioti jingine. Mifereji ya juu yake ni myembamba kuliko unyoya wa brashi, na ndiyo sababu linaoza kuliko mengine yote. Likipakwa saruji ileile mapema, kabla halijatoboka, linaweza kukaa maisha yote.

Kama unaye mtoto wa umri huo, mkalishe leo mchana kwenye mwanga wa mlangoni, afungue kinywa, uhesabu meno ya chini kutoka katikati kwenda nyuma. La sita ni hilo. Ukiliona, mpeleke hospitali ya Kitete au kituo chochote chenye daktari wa meno kilicho karibu nawe wakati bado haliumi, na ukifika mwambie daktari umekuja kuziba.